Pigo Zuri ni Lipi, Ikiwa Hakuna Apigwaye?

Jumapili moja, baada ya Misa, nilisimama uwanjani Kpandroma kutazama vijana wakionyesha mchezo wa taekwondo. Palikuwa na baridi, kama ilivyo desturi ya nyanda hizi za juu za Djugu, na watu walikuwa wamejikunyata katika makoti yao. Kijana wa kwanza alirusha teke likapita kimo cha kichwa chake. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga makofi. Akafuata msichana mdogo, ambaye mguu wake haukupita kifua. Makofi yakawa machache. Lakini mwalimu alipotoa hukumu yake, alimweka msichana juu ya yule kijana. Watu wakanung’unika. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami akasema, “Mwalimu huyu hakosi kuwa mjomba wake.” Nakiri kwamba nami niliwaza vivyo hivyo.

Yafaa kwanza nieleze tulichokuwa tukikitazama. Taekwondo ni mchezo wa Korea. Wengi wanaujua upande wa mapigano, watu wawili wakirushiana mateke, ambao hutolewa medali katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Sydney, mwaka 2000. Lakini kuna upande mwingine uitwao pumse. Hapo mchezaji yu peke yake. Hufanya kinga, ngumi na mateke kwa mfuatano uliopangwa, akigeuka huku na huku kana kwamba amezungukwa na adui, na mwisho hurudi pale pale alipoanzia. Pumse ya kwanza ya wanaoanza, iitwayo Taegeuk Il Jang, ina miondoko 18. Mashindano ya dunia ya pumse yalianza Seoul mwaka 2006.

Basi, hapa pana swali. Kazi ya mkulima twaipima kwa mavuno, na ya mwashi kwa ukuta. Ngumi ya mpiganaji hushuhudiwa na yule aliyepigwa. Lakini ngumi iliyopiga hewa, nani aishuhudie? Wako wasemao kwamba hiyo ni ngoma tu, na kila mtu na apende apendavyo. Kama wasema kweli, mwalimu yule hakuhukumu kitu, alichagua tu.

Mimi sikubali. Katika pumse adui hayupo, lakini mahali pake pamewekwa. Tazama ule msimamo mrefu. Goti la mbele hukunjwa mpaka muundi usimame wima kama nguzo, mguu wa nyuma hunyooka, na wayo wake hulala chini wote. Sababu yake si uzuri wa macho. Nguvu ya ngumi hutoka ardhini, hupanda kwa mguu wa nyuma, hupita kiunoni, ndipo ifike mkononi. Kisigino kikiinuka, nguvu inavuja kama maji katika kibuyu kilichotoboka. Kwa hiyo hata kama hakuna apigwaye, mwili wenyewe umekwisha kusema kama pigo lile ni la kweli au la kujifanya.

Wenye sheria za mchezo huo hutoa alama 10 kwa jumla. Nne ni za usahihi, na kosa dogo huondoa 0.1, kosa kubwa 0.3. Sita zilizobaki ni za namna ya kuonyesha: wepesi na nguvu, mwendo wake wa polepole na wa haraka, na ule uhai uonekanao kwa mtu mzima kabisa. Hapa sitaki kumdanganya msomaji. Sita ni nyingi kuliko nne, na teke refu lililotawaliwa vema ni jambo la kusifiwa. Huenda msichana wetu angeshindwa kule Seoul. Wala sidhani kwamba sheria hiyo imekosea, kwa maana mwondoko sahihi usio na uhai unafanana na mtoto akariri somo asilolielewa.

Lakini nguvu hiyo yenyewe huonekanaje, ikiwa haivunji kitu? Huonekana inaposimama. Ngumi huenda mbio, halafu husimama mahali pake, ingawa hakuna mwili wala ukuta wa kuizuia. Jaribu nyumbani, ndugu msomaji, utaona kwamba ni vigumu kuliko kupiga.

Wazazi wengine huuliza kwa nini tufundishe watoto mapigo katika nchi hii. Swali hilo si la kudharauliwa. Ituri imeona vita vya miaka 1999 hadi 2003, na hapa Djugu mauaji yalirudi mwishoni mwa 2017. Watoto wetu wameona mikono iliyoinuliwa isisimame. Sisemi kwamba pumse humfanya mtu awe wa amani. Mtu aweza kuwa na msimamo safi na moyo mchafu, na hakuna mwamuzi aonaye moyo. Ila adui wa pumse hana sura, hana kabila, hana jina. Mwalimu aliniambia kwamba mtoto anapompa sura, yeye hujua. Ngumi hupita mahali pake, na bega huifuata. “Nasema moyoni, huyu leo anapigana na mtu. Namwondolea alama kwa ajili ya bega. Mengine tunazungumza baadaye.”

Na waamuzi je? Katika mashindano makubwa huketi watano au saba, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, kisha zilizobaki hutafutiwa wastani. Ni dhahiri kwamba waliotunga sheria hiyo waliwajua wanadamu. Pale Kpandroma mwamuzi alikuwa mmoja tu.

Aliyasikia maneno ya mzee. Hakukasirika. Alimwita yule kijana arudie teke lake, akamwambia mzee, “Baba, usitazame juu. Tazama chini.” Tukatazama. Mguu uliosimama uliinua kisigino, mgongo ukalala nyuma, na teke lilipokwisha mguu ulianguka popote ulipoangukia. Kisha akamwita msichana. Alikunja goti, akapiga, akakunja tena, akauweka mguu pale alipotaka yeye.

“Sawa,” akasema mzee. “Lakini si mpwa wako?”

“Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu kabisa,” akajibu mwalimu. “Sasa niambie, baba, kisigino kiliinuka au hakikuinuka?”

Mzee akamwomba kijana arudie mara ya tatu.