Saa za Maskini na Mizani ya Ulimwengu

Imo katika mkusanyo wa Imam Bukhari hadithi fupi ya Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) ambayo ndani yake zimetajwa neema mbili ambazo watu wengi hupunjwa kwazo: afya na faragha. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa mtu aliyepunjwa ni maghbun, nalo ni neno la sokoni. Maghbun ni yule aliyeuza mali yake chini ya thamani, ama aliyenunua kwa bei iliyopita kiasi, kisha akashika njia kurudi kwake akiwa radhi, asijue kwamba amekwisha kula hasara. Vilevile katika Sura Al-Asr Mwenyezi Mungu anaapa kwa wakati na kubainisha kwamba mwanadamu yumo hasarani, na hasara nayo ni lugha ya wafanyabiashara. Sura hiyo ilishuka Makka, mji ulioishi kwa misafara ya biashara, na wasikilizaji wake wa kwanza walijua vema maana ya kupoteza mtaji.

Aghalabu tunapolizungumza jambo hili husimama kwenye nusu yake. Twawaambia watu wasipoteze wakati, wasome, wafanye kazi, wamkumbuke Mungu, nayo yote ni kweli. Walakini wako vijana wanaouchunguza Uislamu, hasa waliosoma habari za uchumi, ambao hutuletea swali lisilofaa kupuuzwa. Husema hivi: mkulima wa kahawa wa Kagera au mkata mkonge wa Tanga hakupoteza wakati. Aliamka kabla ya jua, akafanya kazi mpaka mgongo ukamuuma, na mwisho wa mwaka hana kitu. Je, ni uadilifu kumhubiria juhudi mtu ambaye matunda ya juhudi yake huliwa na wengine? Na wako wanaoongeza kwa ukali kwamba dini huwafundisha maskini kuzitunza saa zao ili matajiri wazinunue kwa bei rahisi.

Shutuma hiyo ni nzito, wala haijibiwi kwa kuinua sauti.

Kwanza yapasa tukubali kwamba kinachouzwa sokoni, ukikichunguza hadi mwisho wake, ni saa za uhai wa mtu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika jambo hili lilionekana kwa macho. Kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30. Kila alipotimiza kazi ya siku, nafasi moja ilitiwa alama, na kadi ilipojaa ndipo alipolipwa. Kadi ile ilikuwa mwezi wa maisha yake ulioandikwa kwenye karatasi. Mmea wenyewe haukuwa wa huku. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vichipukizi kutoka Florida, na katika vile vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo ikatoka mali iliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, hata mwaka 1964 mavuno yakafikia tani 230,000 hivi.

Baadaye bei ikaanguka. Kamba za plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli zilikuwa zimeingia sokoni. Jani la mkonge halikupungua urefu, wala panga la mkataji halikuwa jepesi zaidi, bali saa zake zilinunua vitu vichache kuliko zamani. Mwalimu Nyerere alizoea kulieleza jambo hili kwa mfano wa trekta: tani za mkonge zilizotosha kununua trekta moja miaka michache nyuma hazikutosha tena, ikabidi kuongeza nyingine nyingi juu yake kwa trekta lile lile.

Kahawa nayo ina kisa chake. Julai 1975 baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil, na kufikia mwaka 1977 bei huko New York ilipita dola 3 kwa ratili. Wakulima wetu walioshukuru mwaka ule walikuwa wakila, pasipo kujua, matunda ya msiba wa wakulima wenzao ng'ambo ya bahari. Kisha Julai 1989 ukavunjika mpango wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo, ambao tangu mapatano ya mwaka 1962 ulikuwa ukiizuia bei isiporomoke, na mwaka 2001 ratili ilikuwa chini ya senti 50 za Marekani. Mbuni ni ule ule, na mikono ni ile ile.

Hapa inafaa kuwa waangalifu, kwa sababu si kila hasara ni dhuluma. Aliyevumbua kamba ya plastiki hakumwibia mtu, na baridi ya Brazil ilitoka kwa Mungu. Soko lina kupanda na kushuka kwake, na mwenye kudai kwamba kila bei ndogo ni njama atashindwa kuitambua njama ya kweli itakapomfikia. Lakini liko jambo la namna nyingine kabisa, nalo ni mtu kuweka kidole chake juu ya mizani. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilieleza mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwamba serikali tajiri zinawalipa wakulima wao wa pamba ruzuku kubwa, ndipo pamba hiyo inajaa sokoni na kuishusha bei ya yule asiyelipwa na yeyote. Na nchi zizo hizo tajiri ndizo zilizokuwa zikiwahubiri wengine kuacha soko lijiendee lenyewe! Tena kwa muda mrefu desturi yao imekuwa kuyapokea mazao mabichi kwa ushuru mdogo au bila ushuru, na kuyatoza zaidi yaliyokwisha tengenezwa. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliziondolea nchi maskini kabisa ushuru kwa karibu bidhaa zote isipokuwa silaha, nalo ni jambo jema. Ila mitambo, majina ya biashara na njia za masoko zilikuwa zimekwisha jengwa kwingine.

Uislamu wasemaje juu ya kidole hicho? Wasomaji wapya watashangaa kuona jinsi Kurani Tukufu ilivyolipa jambo hili uzito. Nabii Shuaibu (a.s.) alitumwa kwa watu wa Madiani, na mara tu baada ya kuwaita kwenye ibada ya Mungu Mmoja aliwaamuru watimize vipimo wala wasiwapunguzie watu vitu vyao. Hakungoja wakamilike katika sala ndipo awaambie habari za pishi na ratili. Na iko Sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin, ambayo mlango wake ni onyo kwa wale wanaopokea kipimo kamili na kutoa pungufu.

Mtume (s.a.w.) naye alikataza watu kuwatokea wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, na mwenye mali aliyetokewa hivyo akapewa hiari ya kuuvunja uuzaji ule akishafika na kuijua bei. Tazama hekima ya hukumu hii. Muuzaji alikubali kwa ulimi wake, hakulazimishwa na mtu, walakini sheria imemtetea, kwa kuwa ridhaa ya asiyejua si ridhaa iliyokamilika. Sisi katika nchi zetu tunao watokaji misafara wa kila aina. Kagera wanaijua butura, ambayo ni kununua kahawa ingali ua mtini kwa mtu mwenye shida ya fedha. Kusini wanaijua kangomba katika korosho. Na kila mkulima wa viazi anaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo hulipwa kama gunia moja. Hao si wageni kutoka Ulaya, ni ndugu zetu, na wengine husimama safu moja nasi msikitini. Anayelaani mizani ya New York huku akijaza lumbesa yake hana wa kumshitaki.

Twapenda pia kukumbusha jambo ambalo halijulikani na wengi. Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1962, kikao cha 17, uliongozwa na Chaudhry Muhammad Zafrulla Khan (r.a.), sahaba wa Masihi Aliyeahidiwa (a.s.). Katika kikao hicho ilipokewa Uganda, pamoja na Rwanda, Burundi na Algeria. Na Desemba ya mwaka huo yakapitishwa maazimio mawili makubwa: kuitisha mkutano wa biashara na maendeleo, ambao ulifanyika Geneva mwaka 1964, na kutambua haki ya kila taifa juu ya utajiri wa ardhi yake. Hatusemi kwamba maazimio hayo yalikuwa kazi ya mtu mmoja, wala kwamba yaliponya maradhi yote. Bei za mwaka 2001 ni ushahidi kwamba hayakuyaponya. Lakini wale wanaosema kuwa dini humzuia mtu asiyaangalie mambo haya, basi na waueleze uhai wa mtumishi huyu wa dini aliyeketi katika kiti kile.

Hivyo nusu ya kwanza ya jibu letu ni kwamba mhubiri anayemhimiza mkulima na kunyamaza juu ya mizani ameificha nusu ya Kitabu. Sasa iko nusu ya pili, na kijana yule mwenye swali lazima naye aisikilize.

Dhuluma ya mizani inahusu saa zile ulizouza. Haihusu saa ulizobaki nazo. Mtu aweza kupunjwa jasho la asubuhi na mnunuzi, halafu akajipunja mwenyewe jioni yote, na hasara hii ya pili hakuna serikali wala mkutano wa Geneva utakaomrudishia. Tena hasara hizi mbili zina undugu. Mdhulumu wa misafara aliishi kwa kutojua kwa muuzaji, na kujua hupatikana katika faragha, kwani ukiwa shambani jembe liko mkononi. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alihamia Madina akiwa hana kitu. Nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii (r.a.), akamkaribisha kuigawana mali yake nusu kwa nusu, yeye akamwombea baraka na kuuliza soko liko wapi, akaanza na jibini na samli. Na wakulima wadogo wa Kilimanjaro walipounda chama chao mwaka 1925, kisha kikafuatwa na ushirika wa KNCU mwaka 1933, hawakuongezewa saa katika siku. Walikutana na kushauriana katika saa zao za kawaida, na kwa chama wakaweza kuiuza kahawa yao kwa pamoja, si kila mtu peke yake mlangoni kwa mnunuzi.

Hata hivyo faragha haikugawanywa sawa. Tunapowaambia watu wazitumie vizuri nafasi zao, aghalabu tunasema na wanaume waliokaa barazani penye bao. Mwanamke anayetoka shambani akaenda kisimani, akarudi jikoni, akalaza watoto, huyo hana cha kuambiwa juu ya uvivu. Anayepaswa kuambiwa ni mumewe, anyanyuke akachote maji. Tena kupumzika si kupoteza wakati, maana Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwili nao una haki yake juu ya mtu. Na wanaodhani sala tano hula saa za kazi wasome Sura Al-Jumua, ambamo waaminio waitwao waache biashara kwa ajili ya sala huamriwa, ikiisha, watawanyike na kuitafuta fadhila ya Mungu katika ardhi.

Katika Jumuiya yetu mafundisho haya yamewekewa utaratibu. Mwaka 1934 Khalifa wa Pili (r.a.), alipoanzisha Tahrike Jadid, aliwataka Waahmadiyya waishi kwa maisha mepesi, waridhike na chakula cha namna moja, wafanye kazi kwa mikono yao, wasiokuwa na ajira wasikae bure bali washike hata kazi ndogo, na wenye likizo waitoe kwa tabligh. Mwaka 1966 Khalifa wa Tatu (r.h.) akaleta Waqfe Arzi, ambayo ni kutoa juma mbili hadi sita katika mwaka kwenda kufundisha mahali pengine kwa gharama yako mwenyewe. Maisha mepesi yana faida ya uchumi pia, kwani asiyetamani kila kilicholetwa na meli hahitaji kuuza saa nyingi ili akipate.

Asiyejua aanzie wapi na atazame desturi ya Umar bin Khattab (r.a.). Yeye na jirani yake wa Kiansari walikaa viungani mwa Madina, nao hawakuweza kuacha shughuli zao kila siku. Wakapatana kupokezana: leo mmoja anashuka kwa Mtume (s.a.w.), kesho mwenziwe, na anayerudi humweleza aliyebaki wahyi na habari zote za siku ile. Majirani wawili kijijini waweza kufanya vivyo hivyo tangu msimu huu. Mmoja aende kwenye mkutano wa ushirika akaulize bei ya mnada, na mwenziwe apalilie mashamba yote mawili. Juma lifuatalo wabadilishane, na usiku mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake.