Nyumba ya Mzazi Mgonjwa ni ya Nani?

Ndugu Waislamu, kuna neno ambalo siku hizi lasikiwa mara kwa mara majumbani mwetu, nalo ni hili: "Tuilinde nyumba." Husemwa pale baba au mama anapofikia umri mkubwa akashikwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, akawa hajui saa wala siku, hamtambui mwanawe, na usiku huamka akatafuta mlango wa kutokea. Hapo kuuguza huwa ni kazi ya mchana na usiku, na gharama zake hazina mapumziko. Ndipo ndugu hukutana wakaulizana: nyumba itakuwaje? Neno hilo lina sura njema, lakini yatupasa tuulize: yalindwa na nani isichukuliwe, na kwa faida ya nani?

Kwanza tujue kwamba haya ni maradhi, si uzee mtupu wala si uchawi. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliieleza aina yake iliyo mashuhuri zaidi mwaka wa 1906, na hata leo haijapatikana dawa ya kuyaponya. Mgonjwa aweza kuishi nayo miaka mingi. Basi anayepanga matumizi asipange ya miezi miwili. Wala asitaraji kwamba serikali itambebea mzigo: fedha za Inua Jamii, wanazopewa wazee waliosajiliwa waliotimia miaka 70, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo hazitoshi kumlipa muuguzi wa mchana, sembuse wa usiku.

Sasa tutazame mali yenyewe. Hakuna mirathi maadamu mwenye mali yu hai. Mwana anayeiita nyumba ya mamake "nyumba yetu" ana tumaini tu, hana haki bado, na huenda akatangulia kufa yeye. Tena katika madhehebu ya Shafii, tunayoifuata wengi wetu hapa pwani, mwana si walii wa mali ya mzazi wake kwa sababu tu ya kuwa mwana. Aliyepotewa na akili, naye hana baba wala babu wala wasii wao, mali yake husimamiwa kwa amri ya hakimu. Sheria ya nchi nayo, ile ya Afya ya Akili ya mwaka wa 1989 iliyorekebishwa mwaka wa 2022, yaiachia mahakama kumweka msimamizi. Hata wakala aliyewekwa na mgonjwa mwenyewe alipokuwa mzima, uwakala wake huondoka pale akili inapoondoka.

Yatazameni basi yafanywayo. Mama hushikwa mkono, dole gumba likatiwa wino, na karatasi ikasema kwamba ametoa hiba kwa mwanawe mkubwa. Ukiuliza, waambiwa ni kuilinda nyumba isije ikaliwa na gharama za uuguzi. La hasha! Hiba ni tendo la mwenye akili, na aliyetia dole asijue alitiacho hakutoa kitu. Huko ni kurithi kabla ya maiti.

Wengine hawaandikishi karatasi, lakini hawatoi hata senti. Nyumba imepakwa chokaa, na mwenyewe amelala chumba cha nyuma, hana nguo kavu wala mtu wa kumgeuza ubavu. Mzigo wote umemwangukia binti mmoja aliyeacha kazi yake. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi hauuguzi mzee pia. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 5, tumeamrishwa tusiwaachie mali wasioweza kuiendesha, na papo hapo tumeamrishwa tuwalishe na tuwavike kutokana nayo na tuwaambie maneno mema. Mambo haya yamekuja pamoja. Anayeizuia mali isipotee, kisha asiitumie kwa mwenyewe, ameshika nusu ya aya.

Atasema msemaji: "Nyumba hii alijenga babu. Ndani yake tumezaliwa, tumeozwa na tumetoa majeneza. Ikishauzwa kwa mgeni hairudi." Hayo ni kweli, wala hatuyadharau. Wengi wetu Mombasa tuna nyumba bila ardhi. Tukiiuza, bei yake haitununulii nyingine. Wala mtu hahesabiwi tajiri kwa nyumba anayoikaa: mafakihi wamemruhusu fakiri mwenye makazi kupokea zaka. Lakini hoja hiyo yawarudia wenyewe watoto. Wasiseme, "Mama ana nyumba, na imlishe." Nafaka ya mzazi asiye na pato ni juu ya watoto wake wenye uwezo, wanaume kwa wanawake, na Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali. Anayetaka nyumba ibaki, na atoe chake. Anayesema nyumba isiuzwe, na mfuko wake usifunguliwe, amemlipisha mamake bei ya urithi wake.

Njia ni hii. Ndugu wakutane mapema, mgonjwa akiwa bado na fahamu, wamsikilize ataka nini. Akitaka kuweka wakfu au kuusia, na afanye sasa, mbele ya mashahidi na kwa ushauri wa kadhi. Kila mmoja aahidi kiasi chake cha kila mwezi. Anayeuguza kwa mikono yake, kazi yake ihesabiwe kuwa mchango, asidaiwe fedha juu ya usingizi alioutoa. Chumba kinachoweza kupangishwa kipangishwe, na kodi imwendee mgonjwa. Yote yaandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Haya yasipotosha, waende mahakamani awekwe msimamizi. Na ikibidi kuuza, iuzwe kwa idhini na kwa bei ya haki, na fedha zitumike kwa mgonjwa, zisigawanywe.

Nyumba hujengwa ili imsitiri mtu. Iliyouzwa ili mama aoshwe, alishwe na alale pakavu imefanya kazi iliyojengewa, na watoto watakaobakiwa na kidogo watakuwa wamerithi cha halali. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.