Je, Ramani ya Nchi Isiyokuwako ni Uongo?

Siku moja baada ya mafundisho ya kipaimara, hapa Katuba katika mji wetu wa Lubumbashi, tulimkuta kijana wa miaka 14 amebaki peke yake darasani, ameinamia daftari lake. Alikuwa akichora ramani. Tuliona milima, mto mkubwa wenye matawi matatu, msitu, miji saba, na njia za kutoka mji huu kwenda mji ule. Kila mahali palikuwa na jina. Tukamwuliza, "Nchi hii iko wapi?" Akajibu, "Mwalimu, haiko po pote. Nimeitunga mwenyewe." Alikuwa ameazima kitabu cha hadithi kwa Kifaransa, chenye ramani ya namna hiyo katika kurasa zake, akatamani kufanya kama mwandishi yule.

Basi, tukamkemea. Tulimwambia kwamba Amri ya Nane yakataza uongo, na kwamba yeye anaandika mito ambayo Mungu hakuiumba. Kijana hakubisha. Aliurarua ukurasa vipande viwili, akavitia mfukoni, akaenda zake.

Usiku ule hatukupata raha. Tulikuwa tumeishika amri ya Mungu kama fimbo, kabla ya kupima kama kosa lipo. Mwalimu akimwambia mtoto kwamba jambo fulani ni dhambi, na kumbe si dhambi, ni nani kati yao aliyesema yasiyo kweli? Kwa hiyo tuliona yatupasa kulichunguza jambo lenyewe, na leo twawaletea ninyi yale tuliyoyapata.

Kwanza, uongo ni nini? Mtakatifu Agustino, na baada yake Mtakatifu Toma wa Akwino, wanatufundisha kwamba uongo si kutamka tu neno lisilolingana na mambo yalivyo. Uongo ni kusema kinyume cha yale unayoyajua moyoni mwako, na nia ya kumdanganya mwenzako ndiyo inayoukamilisha. Ndiyo sababu mifano ya Bwana wetu Yezu Kristu si uongo. Alipowasimulia watu habari za baba mwenye wana wawili, hakuna aliyeuliza jina la kijiji chao, wala hakuna aliyekwenda kuitafuta nyumba ile. Wote walijua kwamba wanaambiwa mfano, wakautafuta ukweli mahali ulipo, yaani ndani ya mioyo yao wenyewe.

Ramani nayo ni namna ya kusema. Jambo hili wazee wetu Waluba walilijua zamani. Wao walikuwa na ubao uitwao lukasa, wenye shanga na kaure na michoro, uliowekwa mikononi mwa watu wa chama cha Mbudye. Mwenye kuusoma aliupitisha kidole juu yake, akasimulia habari za wafalme, safari zao, na mahali patakatifu pa nchi. Ushanga mmoja waweza kuwa mtu, au kijiji, au ziwa. Ubao ule haufanani na mto wala na kilima, lakini hakuna mzee aliyeuita uongo. Kila usemi hupimwa kwa kanuni yake. Anayeusikia sharti ajue kwanza anaambiwa nini.

Sasa tumtazame mtakatifu mmoja aliyetunga nchi nzima. Mwaka 1516 kitabu cha Thomas More, mwanasheria Mwingereza, kilipigwa chapa mjini Leuven, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Huo ni mji ule ule ambao chuo kikuu chake kilizaa Lovanium ya Léopoldville mwaka 1954. Kitabu kilihusu kisiwa kiitwacho Utopia, na ndani yake mlikuwa na ramani ya kisiwa hicho, hata na herufi za lugha ya watu wake. Kisiwa kina miji 54. Watu hufanya kazi saa sita kwa siku. Dhahabu hawaithamini: huifanya vyombo vya haja na minyororo ya watumwa. Lakini je, mwandishi alitaka kumdanganya mtu? Hapana, kwa kuwa jina lenyewe la Utopia limetungwa kwa Kigiriki, na maana yake ni "pasipo mahali". Mlango wa nyumba yake una maandishi yasemayo kwamba nyumba haipo.

Tena mtazameni mtu mwenyewe. Mfalme Henri wa Nane alipojifanya mkuu wa Kanisa katika Uingereza, alidai watu wale kiapo. Kiapo kimoja tu kingemwokoa Thomas More, mkewe na watoto wake wangebaki na mali yao, naye angezeeka nyumbani. Alikataa kuapa jambo asilolisadiki, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimfanya msimamizi wa watawala na wanasiasa. Basi, mtu aliyetunga kisiwa kizima pamoja na ramani yake ndiye aliyekufa kwa kukataa kusema uongo mmoja. Kama kutunga nchi kungekuwa uongo, kwa hakika yeye asingekosa kulijua.

Mwingine ni mwandishi wa kitabu kile alichokiazima kijana wetu. Jina lake ni J. R. R. Tolkien, mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford. Alikuwa Mkatoliki; mama yake alikufa mwaka 1904, akalelewa chini ya ulinzi wa padri mmoja wa Birmingham. Hadithi yake kubwa ilitoka mwaka 1954 na 1955, nayo ina ramani iliyochorwa na mwanawe Christopher. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba alianza na ramani, kisha akaifanya hadithi iifuate. Alihesabu mwendo wa siku na sura za mwezi, ili msafiri wake asifike mbali kupita miguu yake. Tena alifundisha kwamba mwanadamu hutunga kwa sababu yeye mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Muumba.

Tunaona, basi, kwamba ramani ya kutunga humfunga mtungaji wake. Akiisha kusema kwamba mlima umesimama kati ya miji miwili, hawezi tena kumpitisha mtu pale kana kwamba ni uwanja. Mtoto anayechora nchi yake kwa uangalifu anajifunza kulitunza neno lake. Hilo si funzo dogo.

Lakini mtu ataweza kutuuliza, "Na ramani isiyo sahihi ya nchi ya kweli, hiyo nayo je?" Hapa yatupasa kutenga kosa na uongo. Wamisionari wawili wa Kiprotestanti, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walifanya kazi katika pwani ya Waswahili. Waliwauliza wafanyabiashara waliokwenda bara kwa njia mbalimbali, na wote wakasimulia habari za maji makubwa. Wamisionari wakadhani maji hayo ni mamoja. Ramani yao, iliyojulikana Ulaya mwaka 1855 na 1856, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, na mwaka ule ule Speke akaliona ziwa la Ukerewe. Ikajulikana kwamba maziwa ni mbalimbali: Nyasa, Tanganyika na Ukerewe. Ramani ilikosea, lakini wachoraji hawakusema uongo. Waliandika waliyoyasadiki, na kosa lao liliwafanya wengine waende kutazama.

Je, basi, kila ramani ya kutunga ni njema? Hatusemi hivyo. Mwaka 1885 Mwingereza H. Rider Haggard alitoa hadithi ambayo Waswahili waliisoma baadaye kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nayo ina ramani. Mreno mmoja anayekaribia kufa aichora kwa damu yake juu ya kipande cha nguo, kuonyesha njia ya kwenda kwenye almasi zilizofichwa ndani ya Afrika. Wazungu waifuata njia ile, na mmoja wao arudi na almasi mifukoni. Hadithi ni tamu, wala mwandishi hakumdanganya mtu. Lakini yaweza kumzoeza msomaji kuiona nchi ya watu kama sanduku, na mwenye ramani kama mwenye ufunguo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama ramani yadanganya. Tuulize pia inatufundisha kupenda nini.

Sisi wa Katanga tunalo neno la kusema hapa. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi huko Bunkeya, watu wa msafara wa Kapteni Stairs walipokuja kuitwaa nchi kwa ajili ya Mfalme Leopold. Mwaka 1894 Uingereza na Leopold walipatana juu ya mpaka wa kusini, ufuate mgongo wa nchi unaogawa maji ya Kongo na maji ya Zambezi. Ni kati ya mwaka 1911 na 1914 tu ndipo wapimaji walipokuja kuutia mpaka ule alama ardhini. Walamba wakajikuta wengine huku, wengine ng'ambo. Hakuna mto uliotungwa katika ramani ile, wala hakuna mlima wa hadithi. Kila kitu kilikuwa cha kweli, isipokuwa watu hawakuhesabiwa.

Na leo je? Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2002, eneo la machimbo hupimwa kwa miraba, na kila mraba ni kama hektari 85. Mraba wenyewe si dhambi, kwa maana serikali sharti ipime. Lakini mraba hauonyeshi mashamba ya mihogo, wala makaburi, wala kisima. Mtu akiutazama, huku akijua kwamba wapo wanaokaa pale, kisha akasema, "Hapa hapana mtu," huyo ameivunja Amri ya Nane, hata kama vipimo vyake ni sahihi kabisa. Kadhalika yeye auzaye parsele moja kwa watu wawili. Ramani yake ina mhuri, barabara zake zipo, namba yake ipo. Ila nia yake ni kudanganya, na mjane aliyelipa fedha zake zote hulala nje.

Tusome pia Maandiko Matakatifu. Nabii Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, aliandika mipaka ya nchi ambayo siku zile haikuwa mikononi mwa watu wake. Aliipima kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Tena, katika sura ya 47, aliagiza kwamba wageni waliokaa kati yao na kuzaa watoto wapewe sehemu ya urithi pamoja na wenyeji. Huo ndio upimaji mtakatifu: ardhi haijagawiwa bado, na maskini amekwisha wekewa fungu lake.

Tulipokwisha kuyafikiri hayo, tulijua yatupasa kufanya nini. Jumamosi iliyofuata tulimwita kijana yule, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba tulimwonea, na kwamba atusamehe. Akatoa mfukoni vipande vile viwili, amekwisha kuvigandisha pamoja. Tukamwomba atusomee majina. Alipofika kwenye mji mdogo kando ya mto, akasema, "Hiki ni kijiji cha nkambo, mama ya mama yangu. Walihamishwa kwa ajili ya machimbo, na sasa hakimo tena katika ramani. Nikawapa mahali hapa, karibu na maji."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulitazama tu. Kila nyumba aliichora peke yake, na kando ya nyumba moja palikuwa na mti.

Basi, wazazi na walimu wenzetu, mkimwona mtoto akichora nchi isiyokuwako, msiikimbilie fimbo. Mwulizeni kwanza majina, na ni akina nani wanaokaa pale. Ukali wenu uwekeni kwa ajili ya ramani zile nyingine, zinazoletwa na watu wazima, zenye mhuri na sahihi. Mkiombwa kutia mkono juu yake, tafuteni kwanza kama nyumba ya jirani yenu imo.