Ngome Ni ya Nani?

Kila kizazi kinachorithi mali ya watu waliowashinda wazee wake hakina budi kujibu swali moja zito: jengo lililosimamishwa kwa jeuri, je, litunzwe au livunjwe? Watu hawakupatana juu ya jambo hili. Baadhi husema kuwa kulitunza ni kumtukuza aliyelijenga. Wengine husema kuwa jiwe halina dhambi, kwa hiyo halistahili adhabu. Mkaazi wa Mombasa hahitaji kusafiri mbali ili akutane na swali hili. Limesimama ukingoni mwa Mji wa Kale, likiutazama mlango wa bandari, na jina lake ni Ngome ya Yesu.

Tuanze kwa kukumbuka habari zenyewe, maana hukumu isiyotanguliwa na habari ni dhuluma. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji wa Mombasa, wakaupora na kuutia moto. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome juu ya mwamba wa matumbawe, nayo ikawa tayari mwaka 1596. Mchoro wake ulitungwa na Muitalia, Giovanni Battista Cairati. Nia ya kazi hiyo haikufichwa: kulinda njia ya merikebu ziendazo Uhindi, na kuutia mji mkononi. Jina la mchoraji limehifadhiwa mpaka leo. Majina ya watu waliochonga mwamba, wakachoma chokaa na kubeba mawe juani, hayakuandikwa juu ya lango.

Sasa tuisikilize hoja ya wale watakao jengo la namna hii livunjwe, wala tusiidharau. Wao huuliza: nani atundikaye sebuleni fimbo iliyompiga babake? Tena huongeza kuwa ubaya wa ngome hii haukuishia kwa Wareno. Waingereza waliifanya gereza mwaka 1895, na gereza ikabaki hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo, mtu aliyekuwa na ndugu yake ndani hakuwa na sababu ya kuusifu ukuta ule, hata ungekuwa imara namna gani. Hoja hii ina uzito, na asiyeusikia uzito wake hajapata bado kuwafikiria waliofungwa.

Miji mikuu ya Ulaya, ambayo vijana wengi hutamani kuiona, ilikabiliwa na swali hili kabla yetu, nayo ilitoa majibu mawili. Huko Paris palikuwa na ngome iitwayo Bastille, gereza la mfalme. Tarehe 14 Julai 1789 watu wa mji waliivamia na kuitwaa, na ubomoaji ukaanza mara moja. Mgeni aendaye huko leo huonyeshwa uwanja wenye jina hilo; ngome yenyewe haipo. London ilifanya kinyume. Mnara wake mashuhuri uliasisiwa na William wa Normandy, mgeni aliyewashinda Waingereza mwaka 1066, ili awatishe raia wake wapya. Baadaye mnara huo nao ulifungia watu. Hata hivyo Waingereza hawakuuvunja. Wanautunza, na mtu akiwaambia kuwa si wao bali ni wa Wanormandy, watamcheka.

Je, mji mmoja ulikosea? Sidhani. Siku Bastille ilipoangushwa, mizinga yake ilikuwa bado ina baruti na milango yake ilikuwa bado ina wafungwa. Kuivunja kulikuwa kumnyang'anya mtu silaha aliyokwisha kuinua. Lakini silaha ikiisha kuanguka chini na mwenyewe akiisha kuondoka, kuivunja hakumwokoi mtu. Hapo ndipo pana tofauti: jengo linalodhulumu ni adui, na jengo lililokwisha kudhulumu ni shahidi. Adui huondolewa. Shahidi huulizwa.

Ngome ya Yesu ilitoka daraja la kwanza ikaingia la pili katika muda mfupi. Mwaka 1958 gereza lilikoma, na ngome ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kisha milango ilifunguliwa tena, safari hii kama makumbusho. Fedha za kuitengeneza zilitolewa na Wakfu wa Gulbenkian ulioko Lisbon, mji mkuu wa nchi ile ile iliyoijenga. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Hapa hutokea watu wenye rai ya tatu, nao husema: itunzwe, kwa kuwa huleta watalii, na watalii huleta fedha. Faida hiyo ipo, wala si haramu. Lakini haitoshi kuwa sababu. Mtu amtunzaye mzee wake kwa ajili ya mali, siku mali ikiisha mzee hulala njaa. Vivyo hivyo, ikiwa ngome hatuitaki ila kwa tikiti za wageni, basi mwaka wageni wasipokuja tutaona ni lundo la mawe.

Faida ya shahidi ni kwamba hasemi tu yale tunayopenda kuyasikia. Wengi wetu hudhani kuwa kuta zile zilitenga makundi mawili: wao ndani, sisi nje. Habari za ngome hazikubali. Yusuf bin Hasan alikuwa mwana wa sultani aliyeuawa kwa hila ya Wareno. Alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa, akarudishwa Mombasa kutawala chini yao. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akaitwaa. Twaweza kumwita mkombozi. Lakini Wakristo wa mji nao waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto, na wakiwamo Waafrika. Tena, Waomani walipoizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, njaa na maradhi viliwamaliza watu ndani, hata ikafika wakati ulinzi ukaongozwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili wa kisiwa cha Pate. Basi wazee wetu walikuwa nje na ndani pia. Walipigana na mgeni, na walipigana kwa ajili yake. Kijana ajuaye hayo hatakuwa mwepesi wa kugawa watu wa zamani katika wema watupu na waovu watupu, na huenda asiwe mwepesi wa kuwagawa watu wa leo.

Lakini shahidi hujibu anachoulizwa. Akiulizwa habari za makapteni tu, atataja makapteni tu. Kwa hiyo atembeleaye ngome na aulize: nani aliamuru, nani alifanya kazi, nani alifungiwa humu? Kisha asiishie langoni. Avuke kiwanja, aingie Ndia Kuu, apite katika vichochoro vya Mji wa Kale, penye milango ya nakshi na roshani za mbao. Atauona Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570 hivi, kabla ya jiwe la kwanza la ngome. Hapo atafahamu kuwa ngome haikuuzaa mji, iliukuta. Nyumba za mtaa huo hazina tikiti wala walinzi. Hukaliwa na watu wanaopika, wanaosoma, wanaozika na kuoza, na kila mvua kubwa ikinyesha mwenye nyumba hutazama boriti zake kwa wasiwasi. Taifa likitunza ukuta wa mshindi na kuwaacha hao peke yao na nyufa zao, litakuwa limetoa jibu baya kwa swali letu, hata kama halikutamka neno.

Ngome ni ya nani, basi? Si ya aliyeiamuru, kwa kuwa alikwisha kuondoka. Wala si yetu kwa sababu tu imo katika nchi yetu, kwa kuwa mtu hupewa kitu asikijue, na asichokijua hakiwezi kuitwa mali yake. Ngome ni ya wale wanaokubali kuibeba pamoja na habari zake zote, za aibu na za fahari. Mzigo huo ni mzito kuliko nyundo ya kubomolea. Kila mwanafunzi apitaye langoni kwake amekwisha kupewa sehemu ya kuubeba.