Je, Tushukuru kwa Mwaka wa Korona?



Tarehe 18 Machi 2020 Rais wa inchi alitangaza kwamba makanisa na masomo yafungwe, na watu zaidi ya 20 wasikusanyike, kwa sababu ya korona. Makanisa yalingoja ruhusa ya kufunguliwa mpaka tarehe 15 Agosti. Tena, tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba ile hali ya hatari imekwisha. Hata leo waamini wengine husema: «Mwaka ule ulikuwa mwema, tulijifunza kuomba nyumbani.» Wengine huchukizwa: «Utauitaje mwema mwaka ambao tulizika watu wetu bila kilio?» Nani anasema kweli?

Kwanza, tusidanganyane: baya halikugeuka kuwa zuri. Huko Ulaya na Marekani wengi walifanya kazi nyumbani kwa kompyuta, wakafurahi kukaa na watoto wao. Lakini hapa Likasi, mama anayeuza makala hawezi kuyauza kwa kompyuta. Asipotoka asubuhi, jioni hakuna bukari. Na katika machimbo mengine ya Katanga mambo yalipinduka kabisa: kazi haikuwafuata watu nyumbani, bali wafanyakazi walizuiliwa kulala kazini majuma mengi, mbali na wake na watoto wao. Basi anayesema «tulipumzika» aulize kwanza jirani yake alikula nini.

Pili, wema ulionekana, nao si uongo. Yosefu aliwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, na Mungu akakusudia mema. Hakuwaambia kwamba walifanya vizuri kumuuza. Na mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kushukuru katika kila jambo. Kushukuru katika taabu si kuishukuru taabu.

Tunao mfano karibu nasi. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwaka 1921. Mwaka uleule alihukumiwa, akaletwa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walikatazwa kukusanyika, wengi wakahamishwa mbali na kwao. Wakaomba kwa siri, na imani ikakua bila jengo, mpaka serikali ya Wabelgiji ikakubali kanisa lao mwezi wa Desemba 1959. Nani atalisifu gereza lile? Hakuna. Lakini nani atakana kwamba Mungu alikuwa ndani yake?

Hata mwaka 2020 ilikuwa hivi. Baba aliyezoea kumwachia mchungaji Neno, alilifungua mwenyewe mbele ya watoto wake. Wenye bunga kidogo waliwagawia wasio nayo. Ndoo ya maji na sabuni iliwekwa mlangoni, nayo inafaa hata kwa kipindupindu.

Tatu, tutajuaje kwamba wema ule ni wa kweli? Kipimo ni viwili. Cha kwanza: je, unadumu? Kama siku kanisa lilipofunguliwa sala ya nyumbani ilikufa, basi hatukujifunza kuomba, tulikuwa tunangoja mlango tu. Cha pili: je, unamfikia aliyepoteza? Wakati ule maiti ilipelekwa kaburini moja kwa moja, na watu wachache tu waliruhusiwa kuisindikiza. Wako wajane ambao hakuna aliyeketi nao. Shukrani inayowapita hao mlangoni ni majivuno.

Kwa hiyo, mpendwa, ukitaka kushukuru, shukuru. Lakini jioni ya leo kusanya watoto, mfungue Neno. Jaza tena ile ndoo. Na juma hili nenda kwa yule aliyezika peke yake, uketi naye. Kilio hakina tarehe ya mwisho.

Mungu awabariki. Amina.

Shemasi, Likasi