Mswaki, Jirani na Fardhi ya Mji

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji ni la fikihi zaidi kuliko la tiba, nalo ni hili: mtoto wa miaka 7 anapokesha akilia kwa maumivu ya jino, katika mtaa wenye msikiti, chuo cha Kurani na duka la dawa, je, dhima ya kilio chake ni ya mamake peke yake, au sisi sote tuliolala tunayo sehemu yetu ndani yake?

Wengi watajibu upesi kwamba kinywa ni cha mwenyewe, wala hawakosi hoja, kwani mswaki kwa mafakihi wetu wa Kishafii ni sunna iliyokokotezwa na si fardhi. Na yajulikana kwa Hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuuamrisha kwa kila sala kwa kuuhurumia umati wake usije ukaelemewa. Lakini Mtume huyo huyo aliwataka waliokula kitunguu saumu wasiukaribie msikiti, na katika agizo hilo naona kinywa kimekwisha kutolewa katika faragha ya mwenyewe, kwa kuwa pumzi ya mtu imewekewa haki ya yule anayesimama naye safu moja. Basi ikiwa harufu ya saa chache ina haki za watu, maumivu yanayomnyima mtoto usingizi, chakula na masomo yataachwaje kuwa shauri la nyumba moja?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111 wa Miladi, aliihesabu tiba katika Ihyaa yake miongoni mwa fardhi za kifaya, zile ambazo wakizisimamia baadhi ya watu huwaondokea waliosalia, na zikiachwa na wote, wote huingia dhambini. Akawalaumu wanazuoni wa zama zake waliosongamana katika mijadala ya fikihi ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Nimeyatafakari sana maneno hayo, maana miongoni mwa fardhi hizo hizo imo ile ya kumwosha maiti na kumsalia, na katika miji yetu ya pwani sijapata kuona maiti aliyekosa mtu wa kumwosha, hali watoto walio hai, wenye vinywa vibovu, wanakosa hata wa kuwaangalia.

Na ugonjwa wenyewe si siri. Vijidudu vikaavyo katika ukoga wa meno hula sukari na kutoa tindikali inayoliyeyusha gamba la jino kidogo kidogo. Mate hulirudishia madini yake yakipewa muda, lakini mtoto anyonyaye peremende tangu asubuhi hadi magharibi huyanyima mate muda huo. Husemwa kwamba meno ya utotoni ni ya kuanguka, basi ya nini kuyahangaikia. Na kauli hii naiona ina madhara kuliko peremende yenyewe. Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 au 12, na nyuma yake, mtoto afikapo miaka 6 hivi, huchomoza gego la kudumu lisilotanguliwa na kung'oka kwa jino lolote, hata mzazi akalidhani nalo ni la utotoni, akaliacha lioze, na likishang'olewa halioti tena.

Wa kwanza wa kusimama, kwa rai yangu, ni mwalimu wa chuo, kwa kuwa adabu za kusoma Kurani zinamtaka msomaji asafishe kinywa kwanza, nasi twawafundisha watoto adabu zote ila hiyo, huku mlangoni ameketi mwuza ubuyu wa sukari. Wala pasizuke ugomvi baina ya mswaki wa mti na ule wa dukani wenye dawa ya floridi, ambayo hulipa jino nguvu ya kuhimili tindikali: mafakihi wetu, ingawa waliutanguliza mti wa mswaki, walikiri kwamba kila kikwaruzacho na kuondoa uchafu huitimiza sunna.

Nitaambiwa kwamba hospitali ya wilaya inaye daktari wa meno, na kwa hiyo fardhi imetuondokea. La, haijatuondokea. Fardhi ya namna hii huondoka kwa haja kutoshelezwa, si kwa mtu mmoja kuianza, na daktari anayefikiwa jino limekwisha kufa, asiwe na la kufanya ila kuling'oa, hajapewa nafasi ya kuitosheleza. Wazee wetu waliweka wakfu visima, mashamba na misikiti. Sioni katika sharia kizuizi cha kuweka wakfu mshahara wa mganga wa meno wa kuzunguka vyuoni, pamoja na miswaki na dawa ya meno za kugawiwa watoto kila Mfunguo Mosi, vyuo vinapofunguliwa.