Rafiki wa Mazingira ni Nani?

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania, sokoni twauziwa mifuko mingine, laini kama kitambaa. Baadhi imeandikwa "rafiki wa mazingira". Yatupasa tuulize: rafiki kwa lipi?

Wengi wetu hudhani mfuko huo ni wa pamba. Sivyo. Kwa kawaida hutengenezwa kwa nyuzi zilizogandishwa kwa joto, nazo ni za polipropilini, yaani plastiki itokanayo na mafuta ya petroli au gesi. Ukitupwa mtaroni hauozi kama jani la mgomba. Huchanika vipande vidogo vidogo.

Je, aliyeandika amesema uongo? Atajibu kwamba mfuko wake waweza kutumika mara nyingi. Ni kweli. Lakini basi urafiki huo hautoki kiwandani. Watoka mkononi mwetu, tukiutumia mara hizo nyingi. Tukiutupa siku ile ile, maandishi yamekuwa uongo, nasi tumeshiriki.

Hapo ndipo penye hatari. Maneno yale hayauzi mfuko tu. Yauza dhamiri safi kwa bei nafuu, nasi twapenda kuinunua. Kikapu cha ukindu hakina maandishi yoyote, na hutumika miaka. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tusome maandishi, kisha tuulize: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini, tutakitumia mara ngapi, na kitaishia wapi? Swali la pili ni letu kulijibu.